Jiko, Maabara na Duka: Mapokeo Matatu ya Nguvu ya Seli

Mwezi Aprili 2009, askari wa Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu walianza kuvimba miguu. Walikuwa wanajeshi kutoka Uganda na Burundi, na chakula cha kambini walikipata kila siku. Wakaanza kuhema kwa shida, mapigo ya moyo yakaenda mbio, na baadhi yao wakasafirishwa hadi hospitali za Nairobi na Kampala. Mwanzoni ilidhaniwa ni maambukizi. Kufikia Mei 2010, walikuwa wameugua askari 241 na wanne wamefariki. Ugonjwa wenyewe ulipotambuliwa, ulikuwa beriberi, yaani upungufu wa vitamini B1, maradhi ambayo tiba yake ilishajulikana kwa zaidi ya miaka 70.

Hawa hawakufa kwa njaa. Walishiba, lakini seli zao hazikuweza kukitumia walichokula. Ndiyo sababu kisa chao ni mahali pazuri pa kuanzia kulinganisha njia tatu ambazo binadamu ametumia kutafuta nguvu ya mwili. Ya kwanza ni jiko: maarifa ya kuloweka, kuotesha, kuchachusha na kuchanganya vyakula, yaliyorithishwa na wapishi bila kuandikwa. Ya pili ni maabara, iliyofungua seli na kuona kinachoendelea ndani. Ya tatu ni duka, ambalo limechukua majina ya maabara na kuyauza katika vidonge, poda na vinywaji. Nikizipima njia hizi tatu, naona jiko lilijua namna, maabara ikajua sababu, na duka likapata uwezo wa kumfikia kila mtu. Lakini kila moja huponya au hudhuru kulingana na jinsi inavyojibu swali moja: kimepungua nini, na kwa nani?

Ndani ya seli

Tuanze na maabara, maana bila yake tungekosa kipimo cha kuzilinganisha njia nyingine. Wanga tunaokula huvunjwa kuwa glukosi, na glukosi ikiingia kwenye seli hukatwa vipande viwili vinavyoitwa piruveti. Ili piruveti iendelee na safari ndani ya mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha kiasi kikubwa cha nishati, lazima igeuzwe na kimeng'enya ambacho hakifanyi kazi bila vitamini B1. Vitamini B5 inahitajika katika kuunda molekuli inayopokea zao la mgeuko huo. Kisha niasini, ambayo ni B3, na ribofulavini, ambayo ni B2, huunda wabebaji wa elektroni. Elektroni hizo hupitishwa kwenye mfululizo wa protini zenye madini ya chuma na shaba, zikivushwa kutoka protini moja hadi nyingine kwa msaada wa koenzaimu Q10. Mwishoni hukutana na oksijeni tuliyoivuta, na nishati iliyotoka njiani hutumika kuunda ATP, molekuli ambayo misuli, neva na figo huitumia moja kwa moja. Hata ATP yenyewe hufanya kazi ikiwa imeshikana na magnesi. Mwili hauwezi kuiweka akiba. Kiasi kidogo kilichopo huvunjwa na kuundwa upya bila kukoma, hata jumla ya siku nzima hukaribia uzito wa mtu mwenyewe.

Maarifa haya yalipatikana ndani ya muda mfupi wa kushangaza. Mwaka 1929 ATP ilitambuliwa na Karl Lohmann huko Ujerumani, na karibu wakati huohuo na Cyrus Fiske pamoja na Yellapragada Subbarow katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1937 Lohmann huyohuyo, akiwa na Philipp Schuster, alionyesha umbo ambalo vitamini B1 hulitumia kufanya kazi mwilini. Mwaka huohuo Hans Krebs, akiwa Sheffield nchini Uingereza, alieleza mzunguko wa kikemikali ambao sasa unaitwa kwa jina lake.

Subbarow anastahili kutajwa zaidi ya hapo. Alizaliwa Bhimavaram, kusini mwa India, mwaka 1895, na kabla ya kwenda Marekani alifundisha katika chuo cha Ayurveda mjini Madras. Baadaye aliongoza watafiti waliofanikiwa kutengeneza asidi ya foliki, ambayo leo mama mjamzito hupewa kliniki pamoja na madini ya chuma. Kwake, mapokeo ya tiba ya kale na benchi la maabara vilikutana katika maisha ya mtu mmoja.

Somo kubwa la maabara ni hili: hakuna hata moja kati ya vitamini hizi iliyo na nishati ya kumpa mtu. Nishati imo kwenye wanga, mafuta na protini. Vitamini na madini huwezesha itolewe. Yakipungua, mtu atashiba na bado akose nguvu, kama wale askari. Yakizidi, nguvu haiongezeki, kwa kuwa kimeng'enya kikishapata kinachokihitaji hakina matumizi ya ziada hiyo. Msomaji akiishika kanuni hii, atayaelewa yote yanayofuata.

Mchele na pumba zake

Vitamini B1 ya mchele imo hasa kwenye pumba na kiini. Mpunga ukitwangwa kinuni, sehemu ya pumba hubaki. Mashine za mvuke za karne ya 19 zilipoanza kuukoboa na kuung'arisha kabisa, mchele ukawa mweupe, ukadumu ghalani, ukapendwa mezani, na ukapoteza sehemu kubwa ya kile kinachoifanya seli iutumie.

Japani iliujua msiba huu mapema. Katika mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, wali mweupe ulikuwa chakula cha wenye nafasi, na maradhi ya miguu kufa ganzi yakaitwa ugonjwa wa Edo, kwa sababu wengi walipata nafuu wakirudi vijijini. Jeshi la majini la Japani lilipoanza kuwapa mabaharia wali mweupe kwa wingi, ugonjwa ukaingia melini. Katika safari ya meli Ryūjō ya mwaka 1882 hadi 1883, kati ya mabaharia 376 waliugua 169, na 25 wakafariki. Daktari Takaki Kanehiro akaomba meli nyingine, Tsukuba, ipelekwe njia ileile mwaka 1884, lakini ikiwa na nyama, maziwa, mkate na shayiri. Wagonjwa wakawa wachache, na beriberi haikumuua hata mmoja.

Takaki aliamini kwamba kilichopungua ni protini. Alikosea sababu, akapatia dawa. Upande wa pili walikuwapo madaktari wa jeshi la nchi kavu, akiwemo Mori Ōgai, tabibu aliyesomea Ujerumani na mwandishi mkubwa wa fasihi ya Kijapani. Hao walipinga mabadiliko ya chakula kwa kuwa hayakuwa na maelezo ya kisayansi waliyoyakubali, na nadharia ya vijidudu ndiyo iliyotawala wakati ule. Katika vita vya Japani na Urusi vya mwaka 1904 na 1905, inakadiriwa askari wapatao 27,000 wa jeshi hilo walikufa kwa beriberi. Hilo ni onyo kwa wote wanaodhani kwamba jambo halijawa kweli mpaka lipate maelezo. Uzoefu wa meli mbili ulitosha kuokoa watu, na haukusikilizwa.

Kisiwani Java, Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku wa maabara wakipooza walipolishwa wali mweupe uliotoka jikoni mwa hospitali ya jeshi, na wakipona walipolishwa mchele usiong'arishwa. Naye alidhani kuna sumu kwenye wanga. Msaidizi wake Gerrit Grijns, mwaka 1901, ndiye aliyesema wazi kwamba chakula chenyewe kilipungukiwa kitu fulani. Wazo hilo, kwamba mtu anaweza kuugua kwa kukosa na si kwa kuambukizwa, lilibadilisha tiba yote ya lishe.

Wakati huohuo jiko la India lilikuwa na jibu tayari. Huko Bengal na katika nchi ya Watamil, mpunga hulowekwa na kupitishwa kwenye mvuke ukiwa bado na maganda yake, kisha hukaushwa na kukobolewa. Maji na joto huisukuma sehemu ya vitamini kutoka kwenye pumba hadi ndani ya punje, hivyo hata pumba zikiondolewa, B1 haiondoki yote. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Leonard Braddon alionyesha kwamba huko Malaya vibarua wa Kitamil waliokula mchele wa namna hiyo walinusurika na beriberi, ilhali vibarua wa Kichina waliokula mchele mweupe walikufa kwa wingi. Kazi ilikuwa ya sulubu kwa wote, hali ya hewa ileile. Kilichowatofautisha ni namna mpunga ulivyotayarishwa kabla ya kufika chunguni.

Mwaka 1910 Suzuki Umetarō alitenganisha kirutubishi hicho kutoka kwenye pumba za mchele, Casimir Funk akabuni jina la vitamini mwaka 1912, na kufikia 1936 Robert Williams alikuwa ametengeneza B1 katika maabara huko Marekani. Maabara ikalifikia jiko, na ikalipita kwa jambo moja: sasa dawa ingeweza kutengenezwa kwa bei nafuu na kupelekwa popote. Ndiyo iliyowaponya askari wa Mogadishu.

Mahindi na chokaa

Mahindi yana hadithi nyingine, na ndani yake tunaona kinachotokea nafaka inaposafiri bila mpishi wake. Wenyeji wa Meksiko na Guatemala, kwa zaidi ya miaka 3,000, wamekuwa wakichemsha mahindi katika maji ya chokaa, wakiyaacha usiku kucha, kisha wakayaosha na kuyasaga kwa ajili ya chapati zao za mahindi. Chokaa hulainisha ganda na kuupa unga mshikamano. Hufanya na jambo ambalo jicho halilioni: niasini ya mahindi imefungwa kwa namna ambayo utumbo hauwezi kuipata kwa urahisi, na chokaa huifungua.

Wahispania waliyachukua mahindi, wakaacha chokaa. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal alieleza ugonjwa mpya miongoni mwa maskini wa Asturias, kaskazini mwa Hispania: ngozi iliyoungua na kuchubuka palipopigwa na jua, kuharisha, na akili kuvurugika. Nchini Italia, ambako wakulima waliishi kwa sima ya mahindi, Francesco Frapolli aliuita pelagra mwaka 1771. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ukaenea kusini mwa Marekani na kuua watu wapatao 100,000.

Joseph Goldberger, daktari wa serikali ya Marekani, alianza kuuchunguza mwaka 1914. Aliona kwamba katika hospitali za wagonjwa wa akili na vituo vya yatima waliougua ni wagonjwa na watoto, kamwe si wahudumu, ingawa waliishi pamoja. Ugonjwa wa kuambukiza haungechagua hivyo. Akabadilisha chakula, akaongeza maziwa, mayai na kunde, na pelagra ikatoweka. Wengi hawakumwamini, hata mwaka 1916 yeye, mkewe na wenzake wakajiingizia damu na uchafu wa wagonjwa mwilini ili kuthibitisha kwamba hauambukizi. Hawakuugua. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alionyesha kwamba kinachokosekana ni niasini, na maabara zikajua kwa nini ngozi, utumbo na ubongo huumia pamoja: hizo ni sehemu za mwili zinazohitaji nishati nyingi au kujijenga upya haraka, na bila niasini elektroni hazina mbebaji.

Tukiweka mchele na mahindi pamoja, tunaona tofauti yenye mafunzo. Mchele uliharibiwa na mashine iliyoondoa kirutubishi. Mahindi hayakuondolewa kitu, yaliondolewa ufundi. Hasara zote mbili ziliwaangukia maskini, askari, yatima na vibarua, watu wanaolishwa chakula cha aina moja na hawana sauti juu ya sahani yao.

Ulezi, kimea na makande

Afrika Mashariki ilipokea mahindi baada ya Wareno kufika pwani, na haikupokea chokaa. Mbona basi pelagra haikututawala kama ilivyotawala kusini mwa Marekani? Sehemu ya jibu imo katika sufuria ya makande na githeri. Maharage, kunde na karanga zina triptofani, sehemu ya protini ambayo mwili huweza kuigeuza kuwa niasini, takriban miligramu 60 za triptofani kwa kila miligramu moja ya niasini. Maziwa nayo yana triptofani. Meksiko iliifungua niasini iliyo ndani ya mahindi. Sisi tuliyaweka mahindi pamoja na vyakula vinavyoileta kwa njia nyingine. Ni majibu mawili tofauti kwa swali lilelile, na yote mawili ni sahihi.

Ushahidi wa uzito wa kunde na karanga ulionekana kwa uchungu nchini Malawi mwaka 1990. Wakimbizi wa Msumbiji walikuwa wakipewa mahindi na karanga. Karanga zilipoacha kugawiwa kwa miezi kadhaa, watu zaidi ya 18,000 waliugua pelagra. Mgao wa mahindi uliendelea. Aliyehesabu magunia hakuhesabu niasini.

Tangu kabla ya mahindi, nyanda za juu za Afrika Mashariki zilikuwa na ulezi, nafaka iliyofugwa hapahapa. Una madini ya chuma na kalisi, lakini pia una fitati na tanini zinazoyashika madini hayo yasifyonzwe vizuri. Hapa ndipo kimea kinapoonyesha busara yake. Ulezi ukilowekwa, ukaoteshwa, ukakaushwa na kusagwa, vimeng'enya vya mche mchanga huanza kuvunja wanga na kupunguza fitati. Kiasi kidogo cha kimea kikitiwa kwenye uji mzito, uji hulegea. Mama anaweza kuongeza unga bila uji kuwa mzito kupita uwezo wa mtoto, na kila kijiko kikabeba nishati zaidi. Togwa huenda hatua moja mbele: uchachu hupunguza fitati zaidi na huwazuia bakteria wengi wa kuharisha wasistawi. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa lishe nchini Tanzania wamezichunguza mbinu hizi na kuthibitisha manufaa yake. Waliosema mgonjwa haulizwi uji walikuwa na uji unaostahili imani hiyo.

Lakini heshima kwa jiko isitufunge macho. Jiko hukosea pia, na maabara ndiyo inayoonyesha wapi. Magadi tunayotia kwenye maharage yaive haraka huiharibu vitamini B1, kwa sababu vitamini hiyo haistahimili alikali. Hali ileile ya alikali inayoifungua niasini katika mahindi ya Meksiko huiangamiza B1 katika maharage yetu. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula huzuia ufyonzaji wa chuma cha mboga na nafaka, ilhali ndimu inayokamuliwa kwenye kunde au samaki huuongeza. Watu wa pwani wamekuwa na desturi zote mbili katika sinia moja.

Mfano mzito zaidi ni dona. Unga wa dona hubaki na pumba na kiini, hivyo una vitamini B na chuma kuliko sembe, na wengi wetu tunauhimiza. Lakini mahindi yasipokaushwa vizuri huota ukungu wenye sumukuvu, na sumu hiyo hujikusanya zaidi kwenye pumba na kiini. Kenya ilipoteza watu 125 kwa sumukuvu mwaka 2004, na mwaka 2016 Tanzania ikapata vifo huko Dodoma na Manyara. Kukoboa huipunguza sumu hiyo. Bibi aliyekoboa mahindi kinuni na kupepeta pumba alipoteza vitamini, na huenda alimwepusha mjukuu na sumu. Kwa hiyo anayetaka watu wale dona lazima kwanza atake mahindi makavu, maghala makavu na vipimo vya sumukuvu sokoni. Ushauri wa lishe usiotazama ghala haujakamilika.

Funzo la Pemba

Kama kuna mahali ambapo swali la kimepungua nini, na kwa nani, lilipimwa waziwazi, ni Pemba. Upungufu wa chuma ni tatizo kubwa kwetu. Katika utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2015 hadi 2016, wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Chuma ni sehemu ya damu inayobeba oksijeni, na ni sehemu ya protini za mitokondria zinazoitumia oksijeni hiyo. Anayepungukiwa huchoka kwa njia mbili kwa pamoja. Ilionekana jambo la busara basi kuwapa watoto wote wadogo chuma na asidi ya foliki bila kusubiri vipimo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, utafiti ulioshirikisha watoto wapatao 24,000 ulifanyika kisiwani Pemba, ambako malaria ilikuwa kali wakati huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Watoto waliopewa chuma na foliki walilazwa hospitalini au kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mapema. Hata hivyo, katika kundi dogo lililopimwa damu na kufuatiliwa kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Madhara yaliwaelemea wasiokuwa na upungufu.

Sijui funzo lililo wazi zaidi ya hilo katika habari nzima ya virutubishi. Kirutubishi kilekile, kisiwa kilekile, umri uleule. Aliyepungukiwa akaokolewa, asiyepungukiwa akadhurika. Tangu hapo miongozo ya kimataifa imesisitiza kwamba penye malaria, chuma kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Wazazi wa Pemba waliuchangia ulimwengu maarifa haya kwa gharama kubwa, na tunawadai shukrani ya kuyatumia.

Rafu ya duka

Sasa tuje dukani. Sitaki kulidharau, kwa sababu kidonge kimeokoa wengi. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia isoniazidi hupewa vitamini B6 ili neva zake zisiharibike. Mwenye kisukari anayemeza metformini kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa B12, na anastahili kupimwa. Mlevi wa muda mrefu huhitaji B1 haraka kabla ubongo haujaumia. Mjamzito anahitaji chuma na foliki. Katika hali hizi zote, swali limeulizwa: kimepungua nini, au kitapungua nini, na kwa nani?

Tatizo huanza swali linapoondolewa na jina la kisayansi likabaki. Vinywaji vya kuongeza nguvu huandika vitamini B kwenye kopo, lakini mnywaji husisimka kwa kafeini na sukari. Kafeini haizalishi ATP. Huziba vipokezi vya adenosini katika ubongo, na adenosini ndiyo ishara inayojengeka kadiri tunavyokesha na kutuambia tupumzike. Seli iliyochoka hubaki imechoka. Kilichozimwa ni taarifa yake. Vitamini B za ziada nyingi hutoka na mkojo. B6 hata hivyo si salama kwa kila kiwango: ikimezwa kwa dozi kubwa kwa muda mrefu, huharibu neva zilezile inazozilinda kwa mgonjwa wa kifua kikuu.

Koenzaimu Q10 iligunduliwa na Frederick Crane huko Wisconsin mwaka 1957, katika mitokondria za moyo wa ng'ombe. Mwili wenye afya hujitengenezea wenyewe. Watu wachache waliozaliwa na kasoro ya kuitengeneza huweza kupata nafuu wakipewa, na jaribio moja lililochapishwa mwaka 2014, lenye wagonjwa 420 wa moyo dhaifu, lilionyesha matokeo ya kutia moyo yanayohitaji kuthibitishwa na majaribio makubwa zaidi. Kutoka hapo hadi kumwambia kijana mzima kwamba kidonge hicho kitaamsha seli zake kuna umbali mkubwa. Kriatini husaidia misuli kuunda ATP upesi katika juhudi fupi kali, kama kunyanyua vyuma au kukimbia mita 100, na ushahidi wake ni mzuri kwa kazi hiyo. Haimponyi mtu mwenye upungufu wa damu. Virutubishi vinavyopandisha NAD, yaani mbebaji anayetokana na niasini, vimeonekana kweli kuipandisha katika damu, ila kupanda kwa kipimo bado hakujawa sawa na kupanda kwa afya.

Njia ya nne

Kati ya jiko na duka kuna njia ambayo serikali zetu zimeichagua: kuongeza virutubishi kwenye unga viwandani. Tanzania ilianza kuweka masharti hayo mwaka 2011 na Kenya mwaka 2012. Naiunga mkono. Ni namna ya kurudisha kiwandani sehemu ya kile kiwanda kilichoondoa, na kiwango chake kidogo hakifanani na dozi ya kidonge. Kasoro yake ni kwamba familia nyingi za vijijini husaga mahindi yao kwenye mashine ndogo za jirani, ambako kirutubishi hakifiki. Kwao jiko bado ndilo lenye dhamana. Kimea, uchachu, kunde na karanga si mambo ya kuhifadhiwa kwa ajili ya maonyesho ya utamaduni. Ni huduma ya afya ambayo haijapata bajeti.

Kwa hiyo hukumu yangu katika ulinganisho huu ni kwamba hakuna pokeo moja kati ya matatu linalotosha peke yake. Jiko bila maabara litaendelea kutia magadi kwenye maharage na kusaga mahindi yenye ukungu. Maabara isiyosikiliza jiko itarudia kosa la jeshi la Japani, kusubiri maelezo huku watu wanakufa. Duka lisilouliza swali litachukua fedha za wenye afya na kuwapita wagonjwa. Muuguzi wa zahanati anahitaji kipimo cha damu kabla ya chupa, mwalimu wa sayansi anahitaji kufundisha togwa na mzunguko wa Krebs katika somo moja, na anayepanga mgao wa askari au wakimbizi anahitaji kuhesabu vitamini pamoja na kilo. Mkulima wa Kigoma mwenye upungufu wa damu anahitaji kupimwa, kupewa chuma, na kula maharage yake kwa ndimu, chai ikisubiri. Mfanyakazi wa Nairobi anayelala saa chache tu kila usiku anahitaji usingizi. Kuwauzia wote wawili chupa moja ya nguvu ni kuwanyima wote wawili walichokosa.